Kadi ya Kliniki na Kitambi cha Miaka Hamsini

SEHEMU YA 1: Mama yangu hana mwili

Najua nimepotea wiki mbili, zamu za usiku zimenibana. Nimerudi na mfululizo mpya, sehemu tano. Safari hii ni historia, lakini usikimbie. Ni historia inayomhusu mtoto uliyembeba, tumbo lako litakavyokuwa ukifika miaka hamsini, na mama yako huko nyumbani.

Naanza na mama yangu mzazi. Mama hana mwili. Ukikutana naye njiani utasema huyu mwembamba, ila ana katumbo kadogo mbele. Mwaka 2021, akiwa na miaka 46, akaanza kuamka usiku kukojoa mara nne, mara tano, na kiu isiyokatika. Alipokuja kunitembelea nikampima mwenyewe asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Sukari ikasoma 13. Nikapima tena nikidhani mashine imekosea. Ikasoma vilevile. Kwa mtu ambaye hajala, 7 tu tayari ni kisukari.

Unajua watu walisema nini? Mmoja akasema amezidisha sukari kwenye chai. Mwingine akasema kisukari ni cha watu wanene, kwa hiyo huyu katupiwa kitu. Na mimi, nesi na diploma yangu, nilikaa kimya. Chuoni tulifundishwa unene, kukaa bila mazoezi, na ukoo. Mama analima, anatembea, hajawahi kunenepa, na kwetu hakuna aliyewahi kuugua kisukari. Sikuwa na jibu.

Jibu, au tuseme kipande chake, nilikipata kwa bibi, na yeye hakujua ananipa. Tumekaa uani anachambua mlenda, akasema tu, "Mama yako nilimbeba mwaka wa njaa." Alikuwa anasema ukame wa miaka ile ya 1973 na 1974. Kwetu Dodoma mtama na uwele havikutoka. Serikali ikaagiza mahindi nje, yale ya njano, na watu kwa utani wakauita ule ugali wa Yanga. Bibi anasema mimba ilikuwa kubwa na anakula mara moja kwa siku, siku nyingine maji na mboga za porini. Mama akazaliwa mapema mwaka 1975. "Alikuwa kadogo kama kifaranga," bibi akasema. Hakuna aliyempima uzito, hakuna kadi.

Sasa tuelewane mapema. Siwezi kukwambia njaa ile ndiyo iliyompa mama kisukari. Hakuna kipimo cha kumthibitishia mtu mmoja kitu kama hicho. Lakini maneno ya bibi yalinifanya nitafute, na nilichokipata kimebadilisha hata ninavyoshika ule mzani wa kliniki. Kesho tunaenda Uingereza, kwa manesi wenzangu wa zamani.

SEHEMU YA 2: Manesi waliopima bila kujua wanapimia nini

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Uingereza haikuwa ile unayoiona kwenye televisheni. Watoto wachanga walikuwa wakifa kwa wingi. Na wakati wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, vijana wengi waliojitokeza kuingia jeshini walirudishwa kwa sababu miili yao ilikuwa dhaifu. Taifa likashtuka. Likauliza, hawa watoto wetu wanakuaje?

Katika mkoa mmoja kaskazini ya London, unaitwa Hertfordshire, kulikuwa na mwanamke anaitwa Ethel Margaret Burnside. Alikuwa mkuu wa manesi wanaotembelea majumbani na msimamizi wa wakunga. Kuanzia mwaka 1911 akaweka utaratibu: kila mtoto anayezaliwa apimwe uzito na mkunga. Halafu nesi aende nyumbani kwao mara kwa mara mwaka mzima, amwelekeze mama, aangalie mtoto ananyonya ziwa au chupa, na akitimiza mwaka apimwe tena. Yote yaandikwe kwa wino kwenye daftari kubwa. Wakafanya hivyo mpaka miaka ya 1940.

Hebu wafikirie wale manesi. Mvua, matope, mzani mkononi, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyejua kwamba namba wanazoandika zitakuja kuwa na kazi nyingine. Walikuwa wanataka tu mtoto avuke mwaka.

Miaka ikapita, madaftari yakakaa kwenye hifadhi yanakula vumbi. Miaka ya 1980 akatokea daktari anaitwa David Barker, wa Chuo Kikuu cha Southampton. Huyu Afrika Mashariki tuna kipande chake, maana kuanzia 1969 mpaka 1972 alikuwa Makerere, Uganda, akichunguza vidonda vya Buruli. Alizoea kuuliza ugonjwa unakaa wapi na kwa nini hapo.

Aliporudi kwao akaweka ramani mbili pamoja. Moja inaonyesha sehemu ambako zamani watoto wachanga walikufa wengi. Nyingine inaonyesha sehemu ambako watu wazima, miongo mingi baadaye, wanakufa kwa ugonjwa wa moyo. Ramani zikafanana! Na hilo lilikuwa la ajabu, kwa sababu wakati ule moyo ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa walioshiba. Iweje uwapate waliokulia kwenye umaskini?

Ili ajibu, alihitaji uzito wa watu wakiwa wachanga. Timu yake ikazunguka nchi ikitafuta kumbukumbu za zamani, mpaka wakayakuta madaftari ya manesi wa Hertfordshire. Wakafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, nani yuko hai, nani amekufa na kwa nini. Majibu yalitoka mwaka 1989: waliokuwa wadogo zaidi walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 1991, yeye na mwenzake Nicholas Hales wakawaita baadhi yao, wazee wa miaka kama 64 hivi, wakawanywesha maji ya glukosi na kupima damu. Waliozaliwa wadogo ndio walioshindwa zaidi kuishusha ile sukari.

Kwa nini? Nikueleze kama ninavyowaeleza akina mama pale wodini. Mtoto tumboni ni kama nyumba yenye bajeti. Chakula kikipungua, mwili unachagua. Ubongo unalipwa kwanza. Kinachobaki ndio wagawane kongosho, figo, ini na misuli. Kongosho ndilo linalotoa insulini, ile homoni inayofungulia sukari mlango iingie kwenye misuli na ini. Figo zina vichujio vidogo vidogo ambavyo vinatengenezwa mpaka mimba ifike kama wiki ya 36, baada ya hapo haviongezeki tena maisha yako yote. Kwa hiyo aliyeanza na vichache anaishi na vichache.

Huo mwili umejifunza kubana matumizi. Umepata taarifa kupitia kwa mama kwamba huko nje kuna njaa, ukajipanga kwa njaa. Ukizaliwa ukakuta njaa kweli, unaweza kwenda sawa. Shida ni pale unapokuja kukuta chipsi, soda na pikipiki ya kukupeleka kila mahali.

SEHEMU YA 3: Njaa iliyokuwa na tarehe

Wengi wenu jana mmeniuliza swali zuri. Labda wale wa Hertfordshire walikuwa wadogo kwa sababu kwao ni maskini, na umaskini ndio uliowaua ukubwani, wala si tumbo la mama? Swali hilohilo wanasayansi walimuuliza Barker. Ili kulijibu unahitaji kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu atakifanya makusudi: kuwanyima chakula wajawazito wa kila hali, matajiri na maskini, kwa muda unaojulikana, kisha uwarudishie. Vita vilifanya hivyo.

Septemba 1944, Uholanzi iko chini ya majeshi ya Ujerumani. Serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London ikaita mgomo wa reli ili kuwasaidia washirika waliokuwa wanasonga mbele. Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kwenda miji ya magharibi, Amsterdam ikiwemo. Walipolegeza kidogo mwezi Novemba, baridi kali ikagandisha mifereji, na mashua zikashindwa kupita.

Mwishoni mwa Novemba mgao wa mtu mzima ulikuwa umeshuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ukawa kati ya 400 na 800. Mwanamke mjamzito anahitaji zaidi ya 2,000. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu. Watu kama 20,000 walikufa. Mei 1945 nchi ikakombolewa, na ndani ya wiki chache chakula kikarudi.

Umeona? Njaa ilikuwa na mwanzo na mwisho. Na wakunga wa Uholanzi, hata kwenye giza na baridi, waliendelea kuandika rekodi zao. Kwa hiyo unaweza kumchukua mtu aliyezaliwa tarehe fulani ukajua njaa ilimkuta akiwa na mwezi gani tumboni.

Mwaka 1976 wakatolewa matokeo ya vijana wa kiume kama 300,000 waliopimwa wakiwa na miaka 19 wakati wa kuingia jeshini. Wale ambao njaa iliwakuta nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene uliopitiliza zaidi ya wenzao. Ndiyo, zaidi! Wale ambao iliwakuta mwishoni mwa mimba na miezi ya kwanza ya kunyonya, unene ulikuwa kidogo.

Wakaja kupimwa tena wakiwa na miaka kama 50. Hapo ndipo historia inapotugusa sisi wanawake. Wanawake ambao njaa iliwakuta mwanzoni mwa mimba ndio waliokuwa na uzito mkubwa na kiuno kipana kuliko wenzao. Kundi hilo la mwanzoni lilikuwa na ugonjwa wa moyo zaidi pia. Waliokutwa na njaa mimba ikiwa kubwa ndio ambao sukari ilipanda zaidi baada ya kunywa glukosi.

Na sikiliza hili vizuri. Wale wa mwanzoni mwa mimba wengi walizaliwa na uzito wa kawaida tu, kwa sababu chakula kilirudi kabla hawajazaliwa. Mzani haukuona kitu. Ndiyo maana nikikuona kliniki nakuuliza unakula nini, hata kama tumbo lako linakua vizuri.

Sasa sikufichi upande wa pili. Kule Urusi, mji wa Leningrad ulizingirwa kuanzia Septemba 1941 mpaka Januari 1944. Njaa yake ilikuwa mbaya zaidi. Walipowapima watu waliokuwa tumboni wakati ule, mwaka 1997, hawakukuta wanashindwa kushusha sukari kuliko wale ambao walikuwa wameshazaliwa njaa ilipoanza. Kwa nini Uholanzi iwe hivi na Leningrad iwe vile?

Maelezo ambayo wengi wanayakubali ni haya: Leningrad dhiki ilikaa muda mrefu, watoto hawakutoka kwenye njaa wakaingia kwenye shibe ghafla. Uholanzi shibe ilirudi haraka na ikabaki. Yaani kinachoumiza zaidi ni kile kishindo cha kuandaliwa kwa njaa halafu ukapewa karamu.

Na hapa Afrika Mashariki familia ngapi zimetoka mlo mmoja kijijini zikaingia maandazi asubuhi, chipsi mchana na soda jioni mjini, ndani ya kizazi kimoja? Mama yangu alihamia mjini akiwa na miaka thelathini na kitu.

SEHEMU YA 4: Mwaka sukari ilipofunguliwa

Njaa tumeielewa. Je, kilichozidi? Wazazi wetu wanaokumbuka foleni za maduka ya kaya miaka ya themanini wanajua mgao wa sukari ni nini. Waingereza nao walikuwa nao. Januari 1940, vita vimeanza, sukari ikaingia kwenye kadi za mgao. Vita vikaisha 1945 lakini mgao ukaendelea. Sukari haikuachiwa mpaka Septemba 1953.

Siku ilipoachiwa, watu walifanya kile ambacho ungefanya wewe. Matumizi ya sukari yakapanda kutoka takriban gramu 40 kwa mtu kwa siku mpaka karibu 80. Vyakula vingine havikubadilika sana kiasi hicho. Kwa hiyo ukawa na watoto wa aina mbili, nchi moja, karibu umri mmoja. Mmoja tumboni na miaka miwili ya kwanza aliipitisha kwenye mgao. Mwingine alizaliwa muda mfupi baadaye, sukari imejaa mezani.

Mwaka 2024 watafiti Tadeja Gracner, Claire Boone na Paul Gertler walichapisha walichokipata kwa watu kama 60,000 waliozaliwa kati ya 1951 na 1956, ambao sasa ni wazee. Waliopitisha siku zile elfu moja za kwanza kwenye mgao, yaani mimba mpaka miaka miwili, walikuwa na kisukari cha ukubwani pungufu kwa karibu asilimia 35, na presha pungufu kwa karibu asilimia 20. Hata waliokuja kuugua, kisukari kilichelewa miaka kama minne na presha miaka kama miwili. Karibu theluthi moja ya faida hiyo ilitoka tumboni peke yake, mtoto hajaonja hata kijiko.

Miaka minne, mama mwenzangu. Mimi nimeona wanaokatwa mguu kwa kisukari. Ukiniambia mtu anaweza kupata miaka minne zaidi kabla hata ugonjwa haujaanza, nitaamka usiku kukuelezea.

Angalia kwamba wale watoto wa mgao hawakunyimwa chakula. Mgao wa Uingereza baada ya vita ulikuwa unatosha, wajawazito na watoto walipewa maziwa ya ziada. Kilichopungua ni utamu. Ndiyo maana siipendi ile tabia ya kuchovya kidole kwenye soda na kumlambisha mtoto wa miezi sita ili watu wacheke anavyokunja uso. Siipendi glukosi kwenye chupa ya mtoto mwenye afya. Siipendi uji wa lishe uliotiwa vijiko vitatu vya sukari, maana mtoto huyo hakuuomba utamu, sisi ndio tuliomwonjesha tukadhani ana ulimi wetu.

Miezi sita ya kwanza ni ziwa tu, hata maji hapana. Baada ya hapo chakula pamoja na ziwa mpaka miaka miwili na zaidi. Uji mtie karanga zilizosagwa, maziwa, yai, dagaa waliosagwa, ndizi mbivu ukitaka utamu. Soda na juisi za boksi ziache kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili.

Na mtoto aliyezaliwa mdogo? Hapa akina mama wengi tunakosea kwa upendo. Mtoto kazaliwa kilo mbili, ndugu wanasema mnenepeshe huyo, mpe hiki, mpe kile. Yule anahitaji kukua, na mstari wake kwenye kadi upande kwa utaratibu, kwa maziwa ya mama yake. Ukikimbilia kumjaza sukari na mafuta, utapata mashavu, lakini unakumbuka Uholanzi: mwili uliojipanga kwa njaa ukipewa karamu, unaweka akiba tumboni.

SEHEMU YA 5: Daktari wawili, uzito mmoja

Nimalizie na hicho kitumbo cha mama yangu.

Kule India, mji wa Pune, kuna daktari anaitwa Chittaranjan Yajnik. Yeye na wenzake walipima watoto wachanga wa vijiji vya karibu na Pune wakalinganisha na wa Southampton. Wa Pune walikuwa na wastani wa kilo 2.7, wa Southampton kilo 3.5. Kila kitu kwa wale wa Pune kilikuwa kidogo, na kilichopungua zaidi ni misuli na viungo vya tumboni. Lakini mafuta chini ya ngozi hayakupungua kwa kiasi hicho. Yaani mtoto mwembamba, ila ndani ya wembamba wake mafuta yamebaki na misuli ndiyo imeondoka. Tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2004 Yajnik na rafiki yake Mwingereza, Dokta John Yudkin, wakachapisha picha yao wawili wamesimama pamoja. Ukichukua uzito wa kila mmoja ukaulinganisha na urefu wake, wanapata namba ileile, 22.3, ambayo kliniki yoyote itakwambia safi kabisa. Walipopima mafuta mwilini, Yudkin ana asilimia 9.1, Yajnik ana 21.2. Namba moja, miili miwili.

Nilipoisoma ile nikamwona mama. Mzani ulimwambia yuko sawa miaka yote.

Mafuta ya mapajani na makalioni hayana ugomvi mkubwa na wewe. Yenye ugomvi ni yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na kuingia kwenye ini. Hayo hayatulii, yanamwaga mafuta kwenye damu, ini linajaa, insulini inapiga hodi mlango haufunguki. Kongosho linaongeza kazi. Kama ni kongosho lililozaliwa dogo, linachoka mapema.

Halafu umri nao unaongeza lake. Baada ya miaka thelathini na kitu misuli inaanza kupungua polepole, na misuli ndiyo inayokula sukari nyingi baada ya mlo. Kwa hiyo sahani ileile uliyokula ukiwa na miaka ishirini na mitano, ukiwa na miaka hamsini inabakiza chenji, na chenji inakwenda tumboni. Kwetu wanawake, hedhi ikikoma, mafuta yanahama kutoka mapajani kuja kiunoni. Watu wanasema umenawiri, maisha yamekukubali. Ndani unajaza ini.

Hapo mama mmoja aliniandikia inboksi, akasema, "Nesi, basi mimi nimeshamharibia mwanangu, nilitapika mimba nzima." Nimekaa na ujumbe huo siku mbili. Naujibu hapa kwa sababu najua si wewe peke yako.

Hujaharibu. Wale akina mama wa Amsterdam hawakuchagua njaa, bibi yangu hakuchagua ukame. Mtoto huzaliwa mdogo kwa malaria ya mimba, kwa presha, kwa kondo la nyuma lisilofanya kazi vizuri, kwa kazi nzito ambazo hakuna aliyekupokea. Haya ni mambo ya mume, mama mkwe, kijiji na serikali pia. Baba unayesoma kwenye simu ya mkeo, yai na ndoo ya maji vinakuhusu.

Na hatari si hukumu. Mwaka 1986 kule China, mji wa Da Qing, walichukuliwa watu wazima 577 ambao sukari zao zilikuwa zimeshaanza kupanda. Wengine wakaachwa na huduma za kawaida. Wengine wakasaidiwa miaka sita kubadilisha chakula, au mazoezi, au vyote. Baada ya miaka 30 wakahesabiwa. Waliosaidiwa kisukari kiliwachelewa karibu miaka minne, na matatizo ya moyo na kiharusi yalikuwa machache. Miaka sita ya kubadilika, faida miaka thelathini. Kwa watu wazima kabisa.

Kwa hiyo fanya haya. Ukihisi mimba nenda kliniki mapema, kabla ya wiki 12, maana umeona mwanzo wa mimba unavyobeba mambo. Meza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, lala kwenye chandarua, meza dawa za kuzuia malaria unazopewa. Usile kwa ajili ya watu wawili na usijinyime eti mtoto asiwe mkubwa ukashindwa kujifungua. Punguza mlima wa ugali, ongeza maharage, dagaa, yai, mboga za majani.

Wewe wa miaka thelathini na kuendelea, na mama yako, chukua uzi. Upime urefu wako wote, ukunje katikati, uzungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana bila kuvuta, vizuri. Zisipokutana, kitambi hicho kinahitaji mazungumzo, hata kama mzani unakusifu. Kapime presha na sukari. Na kama ulizaliwa chini ya kilo 2.5, au mama alikubeba kwenye njaa, mwambie daktari, usisubiri unenepe.

Mama yangu sasa ana miaka hamsini na kitu. Chai anakunywa bila sukari, ananung'unika kila asubuhi. Ugali umepungua, mlenda na maharage vimeongezeka, na amerudia jembe kwenye kibustani nyuma ya nyumba kwa sababu nilimwambia misuli ndiyo dawa yake ya pili baada ya vidonge. Wiki iliyopita alisoma 6.4 asubuhi. Bibi alipoambiwa alisema tu, "Afadhali." Sijamwambia bibi habari za Uholanzi. Sitaki ajilaumu kwa mvua iliyokataa kunyesha.

Ombi la mwisho, na hili lifanye leo. Katafute kadi ya kliniki ya mwanao. Najua wengine mnaifungia vitumbua mtoto akifikisha miaka mitano. Ipige picha, andika uzito wa kuzaliwa na wa mwaka mmoja mahali pasipopotea, umpe akiwa mkubwa. Siku moja daktari atamuuliza alizaliwa na kilo ngapi. Mama yangu alipoulizwa hakuwa na la kujibu, akasema kadogo kama kifaranga.

Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa. Maswali yaacheni kwenye komenti, nitajibu nikitoka. Usiku mwema.